Ubao Una Msikilizaji, na Daftari Je?



Juma hili nawachukua mbali kidogo na pwani yetu, hadi Garissa, ukingoni mwa Mto Tana. Nilialikwa huko kwa shughuli ya nikaha, nikakaa siku nne katika nyumba ya rafiki yangu wa zamani. Mwenyeji wangu ni mfanyabiashara wa mifugo. Mkewe huuza maziwa sokoni, na Mwenyezi Mungu amewaruzuku watoto watano. Bibi huyo hakupata kuingia shule hata siku moja.

Joto la Garissa halimruhusu mtu kukaa ndani usiku, kwa hiyo baada ya sala ya Isha mikeka hutandikwa uani. Usiku wa kwanza, mtoto wa kiume wa miaka tisa alileta ubao wake wa duksi, ambao wenyeji huuita loox, umeandikwa kwa wino wa makaa. Akaketi mbele ya mama yake, akaanza kusoma. Mama alikuwa akikanda unga wa anjera ya asubuhi. Kila kijana alipotetereka, mikono ile ilisimama, naye akasema neno moja tu: "Rudi." Mtoto akarudi mwanzo wa aya, mpaka akapita bila ya kukwama.

Nilistaajabu, nikamuuliza, "Mama, wewe waisoma hati hiyo?"

Akanijibu, "La, Sheikh. Macho yangu hayajui, lakini masikio yangu yanajua. Aliyehifadhi husoma kama maji yanayoteremka. Asiyehifadhi hukwama, nami humsikia."

Nikautazama ukuta. Mkoba wa shule wa kijana yule ulikuwa umetundikwa msumarini tangu alasiri. Nikauliza tena, "Na daftari la shule husikilizwa na nani?" Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo ni la mwalimu. Mimi sikusoma." Mwenyeji wangu akacheka, akaongeza kwamba kazi yake yeye ni kulipa karo.

Ndugu zangu, jawabu hilo si la nyumba moja, wala si la Garissa peke yake. Nimelisikia Mombasa, nimelisikia Lamu. Mzazi aliye hodari wa kusimamia chuo hujiona mgeni mbele ya daftari. Ilhali masikio ni yale yale, na mtoto ni yule yule.

Watu wa Kaskazini Mashariki wana sababu ya kulifikiri jambo hili zaidi yetu. Mwezi wa Januari 2020, walimu watatu waliuawa katika shambulio la Kamuthe, kaunti ya Garissa. Baada ya hapo walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi walihamishwa kutoka Garissa, Wajir na Mandera kwa kuhofiwa maisha yao, na madarasa mengi yakabaki matupu. Haikupita miezi mitatu, shule za nchi nzima zikafungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi hawakurejea hadi Januari 2021. Katika muda huo, mtoto ambaye elimu yake ilikuwa mikononi mwa mwalimu peke yake alibaki bila ya chochote. Aliyekuwa na mtu wa kumsikiliza nyumbani, walau hakusahau alichokwisha kukijua.

Usiku wa pili nilimwomba bibi yule afanye jaribio. Kijana alileta kitabu cha Kiswahili, akasoma ukurasa mmoja. Alipokwama, mama akasema, "Rudi," kama alivyozoea. Alipomaliza, mama akamwambia, "Sasa nieleze kwa Kisomali ulichosoma." Kijana akaanza vizuri, kisha akababaika, sentensi mbili alizitamka bila ya kuzielewa. Mama akazitambua mara moja! Akamwagiza akamuulize mwalimu wake asubuhi. Huyo ndiye mama aliyesema kwamba hakusoma.

Wala asidhani mtu kwamba lugha ya nyumbani ni kizuizi. Watoto wa Kisomali hujifunza irabu za Kiarabu kwa maneno ya Kisomali chenyewe, kwa njia ambayo masimulizi yao huinasibisha na Sheikh Yusuf al-Kawnayn, mwanachuoni wa karne nyingi zilizopita. Mwanachuoni huyo hakuwangoja watoto wajue Kiarabu kwanza ndipo awafunze. Alianzia kwenye ulimi wa mama zao. Basi nasi tuanzie hapo.

Yako mengine yasiyohitaji kalamu. Bibi huyu huuza maziwa. Mtoto na ahesabu lita zilizouzwa, bei na chenji. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia, mtoto na ausome kwa sauti na aseme salio ni kiasi gani. Baba akitoka mnadani, na amuulize mwanawe: mbuzi saba kwa bei hii, jumla ni ngapi? Mtaala huu mpya wa umilisi unawataka wazazi washiriki katika masomo ya watoto wao, na wengi wetu tumedhani kushiriki ni kununua manila na gundi tu. Kushiriki hasa ni huku.

Sasa nataka niseme lililonichoma. Siku zote hizo mbili, kijana alipokuwa akisoma, dada yake wa miaka kumi na miwili alikuwa akiosha masufuria gizani. Yeye yuko gredi ya sita, na mwaka huu ana tathmini ya kitaifa. Hakuna aliyemwita mkekani. Usiku wa tatu niliuliza kwa upole, "Na binti huyu atasoma saa ngapi?" Hapakuwa na jawabu. Kisha mwenyeji wangu mwenyewe aliinuka, akamwita kijana, akamwambia, "Leo masufuria ni yako. Dada yako akalete vitabu." Binti alisoma mpaka taa ya sola ikafifia, na baba yake ndiye aliyemshikia taa.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Watu wa Garissa wanaijua kazi ya kuchunga kuliko sisi wa pwani. Mchunga hamwachi mbuzi mmoja nyuma kwa kuwa ni jike, wala hamkabidhi jirani kundi lake lote kisha akalala. Na tukisikiliza, tusikilize kwa upole. Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka kumi, wala hakusikia kwake hata neno la kuguna. Mtoto anayepigwa kofi kila akikosea hujifunza kuficha daftari, hajifunzi kusoma.

Basi nasaha yangu ni fupi. Kila usiku, baada ya ubao, daftari nalo lipate robo saa. Mtoto asome, mzazi asikilize, kisha amwambie aeleze kwa lugha ya nyumbani. Wa kike na wa kiume, kila mmoja na zamu yake.

Asubuhi nilipokuwa nikiaga, nilitupa jicho ukutani. Msumari ulikuwa mtupu. Mikoba miwili ilikuwa mlangoni, tayari kwa safari ya shule. Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu ilimu yenye manufaa, na atujaalie sisi masikio ya kuwasikiliza. Amin.

Wabillahi tawfiq.