KAMERA NI JEMBE, SI PAMBO

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika jarida la chama chetu niseme neno juu ya jambo ambalo wengi wetu hulipita kama kwamba halituhusu, nalo ni ushuru utozwao juu ya kamera na vyombo vyake viingiapo nchini. Najua wako watakaosema: Karani wa Njombe ana nini na bei ya kamera? Mbolea ni ghali, mabati ni ghali, naye anatulilia anasa! Neno hilo "anasa" ndilo lililonishikisha kalamu. Maana likisha bandikwa juu ya kitu, hapana aulizaye tena kitu hicho chafanya kazi gani, wala ni nyumba ngapi zapata chakula kwa hicho.

Basi na tuulize. Makambako ni pale ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya hukutana na njia ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina kituo chake hapo. Katika mji kama huo kijana mwenye kamera njema haketi bure. Jumamosi yuko arusini, Jumapili yuko kanisani kwenye kipaimara, juma lifuatalo yuko kwenye mahafali ya shule, au msibani, ambako jamaa wataka kumbukumbu ya mzee wao. Siku za kazi hupiga picha ndogo za watu wenye fomu. Na fomu hizo zatoka wapi, ndugu zangu? Zatoka mezani kwetu. Ni sisi makarani tumwambiao mtu, "Nenda ukalete picha mbili." Fomu ya shule yataka picha, ya mkopo yataka picha, ya kazi yataka picha. Haifai basi ofisi idai picha kwa mkono wa kuume, na kwa mkono wa kushoto ikitaje chombo kipigacho picha hiyo kuwa ni pambo la matajiri.

Sasa nitafanya hesabu, maana maneno matupu hayamshindi mtu wa forodha. Tangu 1 Januari 2005 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina orodha moja ya ushuru kwa mali itokayo nje. Mwanzo yalikuwa makundi matatu: malighafi na mashine za kazi, 0 kwa mia, vitu vilivyotengenezwa nusu, 10 kwa mia, na bidhaa zilizokwisha tengenezwa, 25 kwa mia. Tarehe 1 Julai 2022 likaongezwa kundi la nne, la 35 kwa mia. Vyombo vya mpiga picha havikai vyote katika kifungu kimoja cha orodha hiyo. Kamera ina namba yake, lenzi ina yake, taa na stendi ya miguu mitatu kadhalika. Kwa hiyo nitachukua mfano wa chombo kimoja tu, ambacho bei yake pamoja na bima na nauli hata bandarini ni shilingi 1,000,000, nacho chatozwa 25 kwa mia.

Ushuru ni shilingi 250,000. Juu ya jumla ya 1,250,000 yaja Kodi ya Ongezeko la Thamani, 18 kwa mia, nayo ni shilingi 225,000. Chombo sasa kimefika 1,475,000, nami sijahesabu tozo ya reli iliyoanza mwaka 2015 kwa 1.5 kwa mia, wala ada ya forodha, wala mshahara wa wakala. Angalieni vizuri: katika zile 225,000, shilingi 45,000 ni kodi iliyotozwa juu ya ushuru wenyewe. Kodi imezaa kodi. Hata kama chombo kingewekwa katika kundi la 10 kwa mia, kingetoka bandarini kwa 1,298,000, na njia ya hesabu ni ile ile.

Wala mambo hayaishi bandarini. Tuseme mwenye duka hutia faida ya 20 kwa mia. Faida hiyo huihesabu juu ya mali pamoja na ushuru alioulipa, naye hana kosa, maana fedha yake imelala humo. Kitu cha 1,250,000 chawa 1,500,000, na pamoja na kodi ya 18 kwa mia mnunuzi alipa 1,770,000. Kama ushuru usingalikuwapo, kwa faida ile ile na kodi ile ile angalilipa 1,416,000. Tofauti ni shilingi 354,000. Serikali ilitaka ushuru wa 250,000, lakini mfukoni mwa mnunuzi zimetoka 354,000. Kisha chombo chapanda basi, zaidi ya kilometa 600, ndipo kifike Makambako.

Jambo jingine ni thamani ya shilingi. Ushuru huhesabiwa kwa mia, na mali hununuliwa kwa dola. Mwanzo wa mwaka 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya mwaka 2024 ilipita 2,600. Basi chombo cha dola 1,000 kilichotozwa ushuru na kodi ya shilingi 1,092,500 kwa bei ile ya kwanza, kilitozwa 1,235,000 kwa bei ya pili. Hapana Mbunge aliyesimama kupandisha ushuru huo. Ulipanda wenyewe kwa shilingi 142,500.

Wako wasemao kwamba ushuru humlipisha mgeni atengenezaye vitu huko kwao. Hilo si kweli, na mfano tumeuona kwa mataifa makubwa. Mwaka 2025 Marekani ilipoweka ushuru mpya juu ya mali ya nje, kampuni ya Nikon ilitangaza kwamba bei zake huko Marekani zitapanda kuanzia 23 Juni 2025, kwa sababu ya ushuru huo. Ikiwa soko kubwa kama lile halikuweza kumbebesha mgeni mzigo huo, je, Njombe itaweza?

Sasa tuutazame ushuru kwa haki, maana mimi si adui wa ushuru. Kazi yake moja ni kumlinda fundi wa nyumbani. Kundi la 35 kwa mia liliwekwa kwa vitu kama maziwa, nguo, samani, matunda, chai na kahawa, ambavyo sisi wenyewe twavitoa. Watu wa Njombe tulifurahi, maana tuna chai ya Luponde na Kibena, tuna mbao, tuna maparachichi. Mwenye kuleta chai ya nje na alipe! Lakini nani analindwa kwa ushuru wa kamera? Leica zatoka Wetzlar huko Ujerumani. Nikon ina kiwanda chake Thailand. Toka Mombasa hata Bujumbura hapana kiwanda cha kamera wala cha lenzi, wala hapana kijana wa kwetu atakayekosa kazi ya kuziunda kwa sababu zimeingia kwa bei nafuu. Ukuta umejengwa kuzunguka shamba lisilolimwa, na mtu pekee aumiaye ni yule atakaye kupita.

Zaidi ya hayo, ushuru usiotazamwa vizuri huharibu hata umbo la chombo. Kwa miaka mingi Ulaya ilitoza karibu 5 kwa mia juu ya kamera za video, na kamera ya picha iwezayo kuchukua video ya dakika 30 au zaidi kwa mfululizo iliwekwa kundi hilo. Watengenezaji wakafanya nini? Wakazifunga kamera zao zisimame zifikapo dakika 29 na sekunde 59. Watu duniani kote, hata wasio wa Ulaya, walikatiwa video katikati ya hotuba kwa ajili ya mstari mmoja katika daftari la forodha. Dawa yake ilipatikana wapi? Ilipatikana karibu nasi, Nairobi, mwezi wa Desemba 2015, katika mkutano wa Shirika la Biashara Duniani. Huko wanachama zaidi ya 50 walipatana kuondoa ushuru hatua kwa hatua juu ya aina 201 za bidhaa za elektroniki, na kamera za video zimo. Walakini hapana hata nchi moja ya Jumuiya yetu iliyotia sahihi. Tuliwapikia wageni chakula, wakala, nasi tukabaki kuosha vyombo.

Na nikisema wageni, yako mengine. Kule Kitulo, katika mbuga iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ambayo watu waiita Bustani ya Mungu, okidi huchanua wakati wa mvua. Mgeni wa muda hufika na kamera yake na lenzi ndefu kama bomba la jiko. Sheria ya forodha humruhusu aingie na vyombo vyake bila ushuru, kwa kuwa atatoka navyo. Ruhusa hiyo ni njema, siipingi. Lakini kijana wa Makete aliyezaliwa kando ya maua hayo, akitaka kuyapiga picha aziuze, hana budi kulipa yote niliyoyahesabu hapo juu. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tumelitoza ushuru, na si la mgeni, bali la mwenyeji.

Jambo la mwisho la hesabu ndilo lisilojulikana sana, nalo ndilo kali kuliko yote. Mfanyabiashara mkubwa aliyesajiliwa kwa VAT hudai arudishiwe kodi aliyoilipa aliponunua chombo cha kazi. Tangu mwaka 2023 kiwango kimlazimishacho mfanyabiashara kusajiliwa ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Mpiga picha wa Makambako haoni fedha hizo hata ndotoni. Basi hakusajiliwa, na asiyesajiliwa hana la kudai. Ile 18 kwa mia humkaa mgongoni moja kwa moja, hali mkubwa huitua.

Sasa nijibu wapinzani wangu, maana najua ni watu wa heshima, na wengine ni wakubwa zangu wa kazi.

Wa kwanza atasema: Karani, mshahara wako watoka katika kodi, waukata mti uukaliao. Namjibu kwamba kwa sababu hiyo hiyo nasema. Chombo kikiwa ghali kupita kiasi, hakipiti forodhani. Hupita ndani ya begi la msafiri bila karatasi, na Serikali haipati hata senti, wala mnunuzi hapati dhamana kikiharibika. Lakini kijana mwenye chombo chema, mwenye leseni, atalipa kodi ya mapato yake mwaka baada ya mwaka. Ng'ombe wa maziwa hachinjwi mlangoni siku anaponunuliwa.

Wa pili atasema: Mwaka 2021 Serikali iliondoa VAT juu ya simu janja na vishikwambi, na mwaka 2022 ikaurudisha mkono wake, maana msamaha haukumfikia mnunuzi. Hoja hii ni nzito, nami naikubali nusu. Kodi ikiondolewa bila kumtazama mwuzaji, nafuu yaweza kuishia dukani. Lakini hilo latufundisha kumpa nafuu mfanya kazi mwenyewe, kwa jina lake, halitufundishi kumnyima.

Wa tatu atasema: Kamera nyingine ni anasa kweli. Naam, ni kweli. Lenzi moja ya Leica yaweza kupita bei ya pikipiki kadhaa. Mtu anunuaye ili aiweke kabatini na kuwaonyesha wageni wake, na alipe, sitamlilia. Neno langu ni kwamba orodha ya ushuru haina macho ya kumtofautisha huyo na yule apigaye picha arusini ili alipe ada ya watoto.

Kwa hiyo naomba chama chetu kipeleke mambo matatu. Kwanza, kila mwaka kabla ya bajeti mawaziri wa fedha wa Jumuiya hupatana nchi ipi iruhusiwe kutoza kiasi kingine katika vifungu fulani, na mapatano hutangazwa katika Gazeti la Jumuiya. Serikali yetu na iombe kwamba kamera, lenzi na taa za kazi ziwekwe pamoja na mashine za kazi, kwa 0 kwa mia. Pili, nafuu hiyo apewe mwenye leseni ya biashara na namba ya mlipa kodi, kwa kiasi cha vyombo vimtoshavyo kazi, ili tajiri asipite mlango wa fukara. Tatu, itafutwe njia ya kumrudishia mfanyabiashara mdogo asiyesajiliwa ile kodi ya 18 kwa mia aliyoilipa kwa chombo cha kazi, walau kimoja kwa miaka kadhaa.

Haya si makubwa, wala hayatafilisi Hazina. Ndugu watumishi, sisi ndio tuzijuao karatasi. Mpiga picha hajui kifungu wala namba, yeye ajua bei tu. Tukinyamaza sisi, nani atamsemea? Kidole kimoja hakivunji chawa. Atakayeona nimekosea hesabu yangu na aandike katika toleo lijalo, nami nitamjibu kwa adabu. Lakini atakayesema tena "anasa", kwanza na afungue kabati la ofisi yake, ahesabu picha zilizobandikwa katika majalada.

Ni mimi mtumishi wenu,
KARANI,
Njombe.