Mbwa Akimuuma Mtoto, Weka Rungu Chini

Mbwa wa nyumbani akimuuma mtoto, nyumba nzima huchanganyikiwa. Mama anakimbilia damu, baba anatafuta rungu, majirani wanaingia uani kila mmoja na shauri lake, na mara nyingi jua halijazama mbwa keshauawa na kufukiwa nyuma ya choo. Uchungu huo naufahamu, na simlaumu mzazi yeyote aliyeusikia. Lakini nawaomba, wazazi wenzangu, siku hiyo rungu liwekwe chini. Ninaliomba hili kwa ajili ya mtoto kuliko kwa ajili ya mbwa.

Tunachokiogopa ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi mno wakiwa Afrika na Asia, na kwamba katika kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, kama 40 ni watoto wasiofika miaka 15. Kwa Tanzania, watafiti walikadiria mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwa vifo vinaweza kufika 1,500 kwa mwaka, vingi vikitokea majumbani bila kuandikwa popote. Virusi huingia na mate kwenye jeraha, vikapanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Vikishafika, mgonjwa akaanza kuyaogopa maji na kuweweseka, karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo kinga ipo, na ipo tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja kule Paris mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa. Mtoto yule aliishi. Sisi leo tuna chanjo bora kuliko ile, na bado tunazika watoto.

Kwa hiyo tuanze na maji. Mtoto apelekwe bombani palepale, na kama bomba halipo, mmoja ashike kopo na dumu, amimine polepole bila kukatisha, na mwingine aoshe jeraha kwa sabuni. Sabuni ya kipande ya kufulia inatosha. Oshea ndani ya jeraha kwa vidole, povu liingie kila tundu la jino, kisha suuza, kisha paka tena. Dakika 15 kamili, ukiangalia saa ya simu, maana kwa mtoto anayelia dakika tatu huonekana kama nusu saa na mkono wa mzazi huchoka haraka. Mbembeleze, mwimbie, lakini usiache. Kazi hii ndogo huondoa sehemu kubwa ya virusi kabla havijaanza safari yao. Pilipili, mafuta ya taa, majivu, ugoro, jiwe jeusi la nyoka, vyote viacheni. Vinauchubua mwili na kupoteza muda. Jeraha lisifungwe kwa kulikaza, na wala msiharakishe lishonwe.

Kisha hospitali, siku hiyohiyo, hata kama alama ya jino ni ndogo kama ya mwiba. Zahanati nyingi hazina chanjo hii, kwa hiyo pigeni simu kwanza, muulize hospitali ya wilaya au kituo cha afya chenye nayo, msije mkamaliza nauli kwa kuzungushwa. Pale daktari atapima ukubwa wa jeraha. Lililotoboa ngozi, hasa usoni, shingoni au mkononi, huhitaji pia imunoglobulini, dawa inayodungwa kwenye jeraha lenyewe ili ilinde mwili wakati chanjo inajenga kinga. Ulizia na chanjo ya pepopunda. Sindano za kichaa hutolewa kwa awamu, na awamu zinazofuata ndizo wazazi huziruka mtoto akishaanza kucheza. Msiziruke. Gharama ni mzigo, najua, kwa sababu mahali pengi mgonjwa hulipia mwenyewe, na wapo wanaouza kuku na mbuzi ili wamalize dozi. Hapa namgeukia mwenye mbwa: kama mbwa wako amemuuma mtoto wa jirani, beba gharama hizo bila kusubiri kuitwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Na kama mbwa wako hana chanjo, sema hana. Cheti cha kubuni kinaweza kumfanya daktari asimamishe sindano ambazo mtoto anazihitaji.

Sasa turudi kwa mbwa. Mbwa ambaye mate yake yana virusi huwa amefika ukingoni. Ndani ya siku chache ataonyesha ugonjwa, kisha afe. Ndiyo maana wataalamu huagiza afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, anakula na kucheza kama kawaida, basi siku aliyouma mate yake hayakuwa na kichaa, na daktari anaweza kuamua kuzisimamisha sindano zilizobaki. Mliyemuua saa ile ile ameondoka na jibu hilo. Hasira hasara, na hasara hii anailipa mtoto kwa sindano ambazo pengine hakuzihitaji, na wazazi kwa wiki nyingi za kukosa usingizi. Ila sindano ya kwanza isisubiri siku hizo 10. Mtoto anachanjwa huku mbwa anaangaliwa.

Afungiwe kwenye banda au chumba cha stoo, mahali penye kivuli, maji na chakula, na mtu mzima mmoja tu ndiye amhudumie, asimguse mdomo. Mpigieni simu afisa mifugo wa kata. Dalili za kuangalia ni sauti iliyobadilika, mate kutiririka, taya kulegea, kutembea akiyumba, kung'ata mawe na vijiti, kumrukia hata anayemlisha. Wengine hawafanyi vurugu yoyote. Hujificha pembeni kimya, wakashindwa kumeza, kisha miguu ikalegea. Hawa wapole nao huua watu kwa huruma yao wenyewe, kwa sababu mtu huingiza mkono mdomoni akidhani kuna mfupa umekwama. Mbwa akifa ndani ya siku hizo, kichwa chake kinahitajika maabara, kwa hiyo msikiponde wala msimfukie kabla afisa hajafika. Na kama mbwa tayari anazurura mtaani akiuma kila anayemkuta, huyo hafungiwi na mwananchi: ingizeni watoto ndani, waiteni wahusika wammalize wao.

Tuseme siku 10 zimepita na mbwa ni mzima. Hapo ndipo uamuzi wenyewe unapoanza, na nafurahi kwamba unaanza baada ya damu kukauka. Kaeni chini, na bibi awepo, na yule kijana anayemlisha mbwa awepo, maana yeye anayajua ambayo baba hayajui. Ulizeni ilikuwaje. Mtoto alikuwa anavuta sufuria la ugali wa mbwa? Jike alikuwa na vitoto vya wiki mbili? Mbwa ana kidonda sikioni, na mtoto akalishika sikio hilohilo? Amefungwa mnyororo mfupi mchana kutwa tangu udogo wake, akirushiwa mawe na wapitao njia? Mbwa wa namna hii alikuwa na sababu, na sababu inaweza kuondolewa: ale peke yake akiwa amefungiwa, mwenye vitoto asisogelewe, mgonjwa aonwe na daktari wa mifugo, banda lijengwe, afunguliwe usiku geti likiwa limefungwa. Mtoto wa chini ya miaka sita asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata yule aliyezaliwa hapohapo uani.

Lakini nitasema wazi ninavyoamini. Mbwa aliyemrukia mtoto bila kuchokozwa, akamng'ata usoni au shingoni, au akauma akarudia, asibaki kwenye nyumba yenye watoto wadogo. Akipatikana mtu mzima anayeishi bila watoto, mwenye ukuta, akaambiwa ukweli wote, apewe. Asipopatikana, daktari wa mifugo amlaze kwa sindano, bila mateso. Kumpakia kwenye pikipiki usiku na kumtupa sokoni au porini ni kumpelekea mtoto wa mwenzako jeraha ambalo mmelikataa nyumbani kwenu. Mtoto aliyempenda mbwa huyo naye aelezwe kwa upole kilichoamuliwa, na asikie kwa masikio yake kwamba kosa si lake.

Hili la kosa linanigusa kuliko yote. Watoto wengi huumwa na wasiseme. Walikatazwa kuchezea mbwa, wakachezea, na sasa wanaficha kidonda chini ya sare ya shule wakiogopa fimbo. Mzazi anakuja kugundua baada ya wiki, au hagundui kabisa. Walimu, mkiona mtoto anachechemea au ana alama za meno, ulizeni kwa sauti ya chini, kando ya wenzake. Wazazi, waambieni watoto wenu leo, kabla lolote halijatokea: ukiumwa na mbwa, hata mtoto wa mbwa, hata mkwaruzo tu, njoo useme, hutapigwa. Na neno hilo mlitimize.

Chanjo ya mbwa ndiyo inayokata mzizi. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia. Pemba, kisiwa ambacho wengi hawapendi kumkaribisha mbwa ndani ya nyumba, kilivamiwa na mlipuko mwaka 2016, na chanjo ya mbwa, iliyopelekwa kijiji kwa kijiji, ikauzima. Kila Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na halmashauri nyingi huitumia kuchanja. Mpelekeni mbwa wenu, hata yule asiyejulikana ni wa nani bali analala kwenu na kula makombo ya kwenu.

Nanyi wenyeviti wa mitaa na vijiji, nina ombi lisilohitaji bajeti. Wiki hii ulizieni ni kituo gani cha karibu kina chanjo ya kichaa cha mbwa. Andikeni jina lake kwa kalamu nene kwenye karatasi, pamoja na namba ya simu ya afisa mifugo wa kata, mkaibandike kwenye mlango wa ofisi, dukani, kijiwe cha bodaboda na shuleni. Chanjo ikiisha kwenye kituo hicho, badilisheni karatasi siku hiyohiyo.