Wanafunzi Wafundishwe Viishio vya Kiingereza

Tarehe 2 Septemba 1998, jijini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyewahi kuwa meya wa Taba. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, kosa ambalo kwa Kiingereza huitwa "genocide". Neno lenyewe lilikuwa bado changa. Mwanasheria Raphael Lemkin, Myahudi kutoka Poland, alilitumia katika kitabu alichokichapisha mwaka 1944: alichukua "genos" ya Kigiriki, yaani kabila au jamii yenye asili moja, akaipachika kiishio "-cide" chenye asili ya Kilatini. Miaka minne tu baadaye neno hilo lilikuwa ndani ya mkataba wa Umoja wa Mataifa.

Neno lilieleweka upesi kwa sababu kiishio chake kilikuwa mwenyeji wa siku nyingi. Kitenzi cha Kilatini "caedere" kilimaanisha kukata, kupiga, na hatimaye kuua. Kutoka huko zikaja "homicide", kuua binadamu, na "suicide", kujiua. Ikaja pia "regicide", kuua mfalme, na hadi leo Waingereza huwaita kwa neno hilohilo watu 59 waliotia saini hati ya kumkata kichwa Mfalme Charles I mwaka 1649. Kilatini kilikuwa na umbo moja la muuaji na jingine la mauaji, Kiingereza kikayaunganisha.

Maneno haya hayaishii mahakamani. Ingia duka lolote la pembejeo usome chupa zilizo rafuni: "insecticide", "fungicide", "herbicide". Mkulima wa nyanya anayeona ukungu kwenye majani, akauziwa dawa ya mdudu aitwaye kantangaze, amepoteza fedha na msimu. Akipewa ile ya tatu, atazika shamba zima, maana hiyo huua mimea. Tofauti yote imo mwanzoni mwa neno: mdudu, kuvu, mmea. Mwisho unabaki palepale.

Kiswahili nacho kina utaratibu huo, ila kimeugeuza, kikaanza na kitendo: kiuatilifu, kiuagugu, kiuavijasumu. Mtoto anayeyaelewa maneno haya tayari anajua namna "-cide" inavyofanya kazi. Kinachokosekana ni mwalimu wa kumwonyesha.

Hapo ndipo ufundishaji wa Kiingereza unapowaangusha watoto. Mwanafunzi anapoingia kidato cha kwanza nchini Tanzania, masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza kwa mkupuo, na mara nyingi anachopewa ni orodha ya misamiati ya kukariri, kila neno peke yake kama yatima. Mwalimu wa baiolojia anafundisha "herbicide", wa historia anafundisha "genocide", na hakuna anayesema kwamba ni ndugu. Kipindi kimoja cha dakika 40 kingetosha kuwakutanisha, na mwanafunzi angetoka na uwezo wa kukisia maana ya neno ambalo hajawahi kuliona.

Hata "decide" ni la ukoo huo. Warumi walisema kukata, wakimaanisha kuamua, sawasawa na Mswahili anayekata shauri. Mfano huu mmoja unaweza kumfanya mwanafunzi aache kukiona Kiingereza kama lugha isiyo na mantiki.

Mitego ipo, na ifundishwe pia. "Coincide" ina mwisho uleule lakini haihusiani na kukata wala kuua; imetokana na "cadere", kuanguka, kitenzi kilichozaa pia "accident". Mambo mawili yakiangukia wakati mmoja, yamesadifiana. Kamusi nzuri za Kiingereza huonyesha asili hizo, na shule yenye hata nakala moja inaweza kumkabidhi mwanafunzi kazi ya kutafuta ni lipi la ukoo na lipi limefanana nao kwa sura tu.