Nusu Inchi ya Ndevu



Sisi watu wa Kisiwani twajua zamu za maji. Anayetaka mfereji wote usiku na mchana hupata ugomvi. Anayesema apewe masaa machache, kisha jirani afunguliwe, hupata maji na jirani pia. Shikeni mfano huo, maana leo nawaletea habari ya mfungwa mmoja wa Marekani.

Jina lake Gregory Holt, naye ni Mwislamu. Alifungwa maisha katika jimbo la Arkansas kwa kosa zito. Dini yake ilimtaka afuge ndevu, lakini amri ya gereza ilizikataza, isipokuwa robo inchi kwa mwenye ugonjwa wa ngozi. Basi Holt akatoa shauri la mapatano: ijapokuwa imani yake yataka ndevu zisikatwe, yeye ataridhika na nusu inchi tu. Nusu inchi ni pungufu ya upana wa kidole gumba!

Wakubwa wa gereza walikataa. Walisema ataficha vitu vya hatari ndevuni, na tena akinyoa ghafula hatatambulikana. Mfungwa akaandika ombi lake kwa mkono, likafika mahakama ya juu kabisa ya nchi ile. Tarehe 20 Januari 2015 majaji wote 9 walimpa haki. Walisema ni vigumu kuficha kitu katika ndevu fupi hivyo. Mwenye nia mbaya angetumia nguo au nywele za kichwa. Hukumu hiyo iliandikwa na Jaji Samuel Alito, Mkatoliki kama sisi.

Pengine mtauliza: Je, imani hukatwa kama kitambaa? La, hasha. Kumkana Mungu si jambo la kupatana na mtu yeyote. Lililozungumzwa hapa ni namna ya kuishika dini pasipo kuvunja ulinzi wa gereza. Mfungwa aliteremka hatua nyingi. Wenye funguo hawakuteremka hata moja. Wangalisikiliza mapema, kesi isingalifika mbali hivyo.

Nchini kwetu Katiba, katika ibara ya 19, yalinda uhuru wa dini, na ibara ya 107A yaziagiza mahakama kukuza usuluhishi kati ya wenye ugomvi. Nazo Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zasema mfungwa asinyimwe kuonana na kiongozi wa dini yake.

Sasa jiulize, ndugu msomaji. Je, wafurahi mfungwa Mwislamu akipewa haki yake kama ungalivyofurahi mwanao akiruhusiwa rozari yake gerezani? Anayeipenda haki kwa watu wa kwao tu, bado hajaipenda haki.

Bwana wetu alijihesabu pamoja na wafungwa. Basi kama kijijini kwako yuko aliyefungwa, usilifute jina lake. Mwombee katika sala ya jioni, mwulize Padre jinsi ya kumfikia. Na mtu wa nyumbani mwako akikuomba jambo dogo kwa upole, usimjibu kwa ukali kabla hujapima: huenda aomba nusu inchi tu.

Mungu awabariki. Kwaherini mpaka juma lijalo.