Kibera Yataka Salamu, Haitaki Picha

Wenzetu wa ng'ambo husafiri hadi Guadalcanal, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, kuoga pwani na kutazama mabaki ya vita vya 1942. Sisi fukwe tunazo. Kumbukumbu za vita twazipita Nairobi bila hata salamu.

Juzi nilikuwa Kawangware kwa jamaa yangu, akanipeleka Kibera. Jina hilo ni la Kinubi, "kibra", maana yake msitu. Humo ndimo Waingereza walimowakalisha askari wa King's African Rifles, Wanubi wenye asili ya Sudan, Waislamu wenzetu. Mwaka 1918 pakatengwa rasmi, zaidi ya ekari 4,000. Wana wao wakapigana hadi Burma. Malipo yao yalikuwa ruhusa ya kukaa tu. Hatimiliki ilikuja mwaka 2017, nayo ya ekari 288.

Watalii huenda na kamera kutazama umaskini. Wewe, ndugu yangu wa pwani, nenda na salamu. Swali nao msikitini, warehemu maiti wao, wasikilize wazee. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.