Ulinzi shirikishi ni wetu, madiwani wausimamie



Nawafikishia madiwani wetu jambo linalotukera wakazi wengi wa mijini. Ulinzi shirikishi unaendeshwa kwa fedha zetu na kwa jina letu, lakini baraza la madiwani haliushughulikii. Sisi tunachanga, vijana wetu wanakesha, polisi wanapokea watuhumiwa, na hakuna kikao cha hadhara ambacho mtu yeyote anaulizwa kazi hii imekwendaje.

Nieleweke mapema kwamba siupingi ulinzi huu. Magenge ya vijana wahalifu yaitwayo Panya Road yalipozuka tena hapa Dar es Salaam mwaka 2022, yakaingia majumbani mwa watu na mapanga, doria za vijana ndizo zilizotupa usingizi. Zina mizizi mirefu nchini: sungusungu walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kukabiliana na wezi wa ng'ombe, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo ili vikundi hivyo vitambuliwe. Baadaye, chini ya Inspekta Jenerali wa Polisi (IGP) Said Mwema aliyeteuliwa mwaka 2006, Jeshi la Polisi likaanza kuhimiza polisi jamii. Faida tunaiona. Kinachotuumiza ni kukosekana kwa msimamizi.

Nianze na fedha. Mtaani kwetu kila kaya hutoa Sh2,000 kwa mwezi, na kila fremu ya duka Sh5,000. Mkusanyaji huja jioni na daftari la mistari, anaandika jina na kiasi, anaweka tiki, anakwenda nyumba ya pili. Risiti hakuna. Kesho yake asubuhi, mama huyohuyo aliyetoa Sh2,000 anafika sokoni na nyanya zake, analipa ushuru wa halmashauri na kukatiwa risiti ya mashine ya POS. Ushuru wake mdogo una kumbukumbu ambayo mkaguzi wa hesabu anaweza kuifuata. Mchango wa ulinzi wa mtaa mzima uko kwenye daftari ambalo likijaa hatujui linahifadhiwa wapi. Nilipoomba kwenye mkutano wa mtaa tusomewe mapato na matumizi, nilijibiwa kwamba mambo ya ulinzi hayasemwi hadharani. Njia za doria na saa zake ziwe siri, sawa, nami nisingependa zitangazwe. Lakini kiasi kilichokusanywa, posho zilizolipwa na tochi zilizonunuliwa havimsaidii mwizi kwa lolote. Vijana wenyewe wanaokesha hulalamika kwamba posho huchelewa, na wao pia hawajui fedha zimeishia wapi.

Asiyelipa naye ana mashaka yake. Wako wanaoambiwa kwamba wakiibiwa wasipige kelele, na wako walionyimwa barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, ile inayotakiwa unapokwenda kumdhamini ndugu yako. Hapo mchango unaoitwa wa hiari umekuwa tozo. Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Mtaa hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo kama kijiji. Mjini mamlaka hayo yako kwa halmashauri. Kama mchango huu ni wa lazima, basi madiwani wautungie sheria ndogo yenye kiwango kinachojulikana na msamaha kwa wazee na wasiojiweza. Kama ni wa hiari, watutangazie hivyo, na barua za utambulisho ziache kutumika kuwabana watu.

La pili ni zito kuliko fedha. Kijana wa jirani yangu alikuwa akifanya kazi kwenye tanuri la mikate, kazi inayoanza kabla ya adhana ya alfajiri. Siku moja walinzi walimsimamisha njiani wakamtaka kitambulisho. Alikuwa amekisahau nyumbani. Aliwaonyesha aproni yake yenye unga, akawaomba wampigie simu bosi wake. Walimpiga virungu mpaka kulipopambazuka, wakamwacha aende. Hakufikishwa kituoni wala hakuandikwa popote. Mama yake alikwenda kwa viongozi wa mtaa, akaambiwa vijana wale wako chini ya polisi. Kituoni akaambiwa ni walinzi wa serikali ya mtaa. Alipomfikia diwani, jibu likawa kwamba masuala ya usalama ni ya Mkuu wa Wilaya. Leo vidole viwili vya mkono wa kulia wa kijana huyo havikunjiki, na kazi ya kukanda unga ameiacha.

Sheria haina utata hapa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, na inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Haimpi mlinzi wa mtaa ruhusa ya kuhukumu na kuadhibu barabarani. Lakini sheria bila mtu wa kupokea malalamiko haimsaidii mama aliyezungushwa ofisi tatu.

Najua jibu ambalo madiwani hulitoa. Kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya inaongozwa na Mkuu wa Wilaya, na mkuu wa polisi wa wilaya (OCD) anawajibika kwa wakubwa wake ndani ya Jeshi la Polisi. Ni kweli, na hakuna anayetaka diwani aelekeze upelelezi au aamue nani akamatwe. Siasa ikiingia huko tutaumia wote. Ila Ibara ya 146 ya Katiba imezipa serikali za mitaa jukumu la kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi katika maeneo yao. Na diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambamo wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Anakutana na watu walewale wanaowapanga walinzi na kupokea michango. Njia ya kuuliza anayo tayari.

Wenzetu wameliona jambo hili. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya Kenya ya mwaka 2011, kifungu cha 41, imeunda mamlaka ya polisi ya kaunti inayoongozwa na gavana au mtu aliyemteua, yenye wajumbe wa kuchaguliwa na wawakilishi wa wanawake, vijana, dini na wafanyabiashara, na imeipa kazi ya kuendeleza polisi jamii na kufuatilia mwenendo wa uhalifu. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1998 iliwataka polisi na halmashauri kushirikiana katika usalama wa maeneo yao, na ya mwaka 2006 ikaongeza kwamba kila halmashauri iwe na kamati ya madiwani ya kuuhoji ushirikiano huo. Kamati hiyo haiwaamrishi polisi. Inawaita, inawauliza, inatoa mapendekezo, na walioulizwa wanapaswa kujibu.

Sisi tunaweza kuanza bila kusubiri Bunge. Kwanza, kila robo mwaka baraza la madiwani lipokee taarifa ya ulinzi shirikishi ya kila kata: walinzi wangapi, waliofundishwa ni wangapi, watuhumiwa wangapi wamefikishwa kituoni, malalamiko mangapi na yameishaje. Polisi waalikwe kuijibia, kama wanavyoalikwa watu wa barabara na wa maji. Pili, kila mchango upewe risiti, na mapato na matumizi yabandikwe ukutani kwenye ofisi ya mtaa. Tatu, kila mlinzi aandikishwe, apewe mafunzo ya namna ya kukamata bila kuumiza, na avae kitambulisho chenye namba inayosomeka, ili mtu akidhulumiwa ajue anamlalamikia nani. Nne, mtendaji wa kata awe na rejista ya malalamiko, na ifike mezani kwa baraza.

Na madiwani wanapohoji walinzi, wajihoji na wao. Taa za barabarani zilizozimika, vichaka kwenye viwanja vya umma na vilabu vya pombe vinavyopitiliza saa za leseni ni mambo ya usalama yanayohitaji kauli ya halmashauri. Hakuna doria itakayoziba pengo la uchochoro mzima ulio gizani.

Kwa hiyo namwomba diwani wetu na wenzake wapeleke hoja hii kwenye kikao kijacho cha baraza. Wananchi tunaruhusiwa kuhudhuria, na tutakwenda kusikiliza. Tutaendelea kuchanga na vijana wetu wataendelea kukesha. Tunachodai ni kwamba tuliyempigia kura awaulize wenye kazi hii maswali yetu, mbele yetu, na yajibiwe.

Mkazi na mchangiaji wa ulinzi shirikishi,
Dar es Salaam