Jua si bure (Sehemu ya 3)

Nimetoka zamu, nimeoga, chai iko mezani. Tuendelee.

Huku Dodoma kuna msemo umegeuka wimbo: "jua ni bure." Kila mgeni anayefika kijijini na kamera anausema. Leo naomba nikuudhi kidogo: msemo huo unatuchelewesha kuliko mawingu yote ya Januari.

Zahanati moja niliyowahi kufanya kazi, jina nalihifadhi, ilifungiwa sola na wafadhili. Siku ya uzinduzi tulipika pilau, ngoma za Kigogo zikapigwa, utepe ukakatwa. Miaka ya mwanzo ilikuwa raha. Mama anajifungua saa nane usiku, taa nyeupee, unaona damu inatokea wapi, unashona bila kubahatisha. Mwaka wa nne betri zikafa. Hakuna hujuma wala uchawi, betri hufa. Nikarudi kuzalisha kwa tochi ya simu, na simu kashika bibi aliyemsindikiza mjamzito. Damu ikianza kumwagika bibi anageuza uso, mwanga unahamia ukutani, na wewe uko gizani na mikono yako miwili. Unajua hiyo hali? Mimi naijua.

Paneli ziko juu ya bati mpaka leo, nzima kabisa, zimelala na vumbi lao.

Nikauliza betri mpya. Huku naambiwa ile ni mali ya mradi, kule naambiwa mradi umefungwa na vifaa mlikabidhiwa. Nikafungua mpango wetu wa mwaka: mafuta ya jenereta yana mstari wake. Betri haina hata nukta. Na usiniambie hela zilikuwa wilayani, maana tangu mwaka wa fedha 2017/18 kuna fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Tulizipanga sisi, na betri tukaisahau sisi.

Ujanja wa dizeli ni huu: unanunua lita tano leo, tano wiki ijayo, huumii. Sola inakaa kimya miaka, halafu siku moja inadai yote kwa mkupuo. Ukiamini ni ya bure, siku hiyo inakukuta mfukoni huna kitu, unarudi kwenye jenereta na kusema "sola ni mbovu." (Na sisi watumishi tusijifanye malaika. Nani alichomeka pasi kwenye inveta? Namjua, tulikuwa tunakula naye.)

Utasema sasa tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, sola ya nini? Nalifurahia bwawa, na ni nishati jadidifu pia. Lakini maji tumeshayaona yakipungua: mwaka 2023 tulikuwa kwenye mgao, na ukame ulikuwa mojawapo ya sababu. Tena bwawa likijaa kiasi gani, nguzo ikianguka kati ya mjini na kijiji chako, jokofu la chanjo linalotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 halijui habari za Rufiji.

Upepo wa Singida je? Miaka mingi tunasikia mitambo inakuja. Ukipita barabara ile, upepo unakusukuma gari, ila wa kutuwashia taa bado. Mtambo wa upepo nao ni gharama ya mwanzo, kubwa, kabla hujauza hata yuniti moja. Ugonjwa ni ule ule wa betri zangu, umekuzwa tu.

Kwa hiyo wewe uliye kwenye kamati ya kituo, mpango wa mwaka ujao ukiletwa usisaini kwanza. Uliza: betri zetu zilifungwa mwaka gani? Kila robo tunaweka shilingi ngapi? Nani anapanda juu ya bati kufuta vumbi? Wakikutazama kama umechanganyikiwa, rudia swali.

Sehemu ya 4 ni mkaa, na hapo nitawagusa manesi wenzangu wanaopikia jiko la mkaa nyuma ya wodi. Kesho niko zamu ya usiku, tuonane keshokutwa.